Msingi wa Vekta Katika Shule ya Msingi: Kufundisha Mwendo Wenye Uelekeo kwa Vitendo

UTANGULIZI

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya Darasa la VI katika shule moja iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Meru, daftari la ukaguzi likiwa magotini. Mwalimu mwanafunzi aliandika ubaoni swali hili: "Mtoto ametoka nyumbani akaenda mita 400 mashariki hadi dukani. Kutoka dukani akaenda mita 300 kaskazini hadi kisimani. Je, kisima kiko umbali gani kutoka nyumbani?" Darasa zima lilijibu kwa sauti moja: "Mita mia saba!" Jibu likaandikwa na kupigiwa mstari.

Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma aliponyosha mkono akasema, "Mwalimu, mbona sisi tukikatiza kwenye migomba si mbali hivyo?" Mwalimu alimjibu kwa upole kwamba swali halikutaja migomba. Akafuta ubao, akaendelea na swali la pili. Msichana yule hakunyosha mkono tena hadi kengele ilipolia. Nasi tuliandika katika daftari letu: "Somo limeendeshwa vizuri. Wanafunzi wameshiriki."

Jioni, tulipokuwa njiani kurudi chuoni, ndipo tulipong'amua kwamba tulikuwa tumetia saini kosa. Msafiri wa swali lile alitembea mita 700, hilo ni kweli. Lakini kisima kiko mita 500 tu kutoka nyumbani, na hilo ndilo lililoulizwa. Msichana yule alikuwa amefika peke yake mlangoni pa mojawapo ya mada kubwa za hisabati, yaani mada ya vekta. Mwalimu hakuutambua mlango huo, na sisi tuliotumwa kumwongoza hatukuutambua pia.

Makala haya yameandikwa ili kosa hilo lisirudiwe. Tunakusudia kuwaonyesha walimu wanafunzi jinsi wazo la vekta linavyoweza kujengwa katika Darasa la V, la VI na kuendelea, kwa kuwashirikisha watoto wenyewe, kwa vifaa vinavyopatikana katika kila kijiji, na bila kulitaja hata neno vekta mpaka wakati wake utakapowadia.

VEKTA NI NINI?

Vipimo tunavyovitumia kila siku ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni vile vinavyotosheka kwa namba na kizio: kilo 2 za sukari, lita 5 za mafuta ya taa, dakika 40 za kipindi. Hakuna aulizaye, "Kilo mbili kuelekea wapi?" Vipimo hivi wanahisabati huviita skala. Aina ya pili ni vile ambavyo namba peke yake haitoshi. Ukimwambia mgeni aliyesimama kwenye Mnara wa Saa mjini Arusha kwamba nyumba aitafutayo iko kilometa 2 kutoka hapo, hujamsaidia. Hapana budi umwambie pia kilometa 2 kuelekea upande gani. Kipimo chenye ukubwa na uelekeo kwa pamoja ndicho kiitwacho vekta.

Neno lenyewe lina asili inayofaa kukumbukwa. Limetokana na Kilatini, na maana yake ni mbebaji au mchukuzi. Mwanahisabati wa Ireland, William Rowan Hamilton, aliyeishi kati ya mwaka 1805 na 1865, ndiye aliyelipa maana yake ya kihisabati katika miaka ya 1840. Kwa watu wa Meru picha hii si ngeni, maana vijana wengi hupata riziki kwa kuwachukulia mizigo wageni wanaopanda mlima. Vekta ni mpagazi: huichukua nukta kutoka hapa na kuifikisha pale. Ili mpagazi afike, ajue mambo mawili: aende wapi na aende kiasi gani.

Mfano wa mlima una faida nyingine. Mpagazi huondoka lango la Momella, lililo kwenye kimo cha kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, naye anayefika kileleni hufika mita 4,566. Amepanda zaidi ya mita 3,000. Siku chache baadaye amesharudi langoni. Miguu yake inajua umbali alioutembea, lakini tukiuliza amehama kiasi gani kutoka pale alipoanzia, jibu ni sifuri. Ndivyo ilivyo pia kwa kondakta wa daladala anayeshinda akienda na kurudi kati ya mjini na Tengeru: ametembea kilometa nyingi, lakini jioni amelala palepale alipoamkia. Umbali uliotembewa ni jambo moja, na uhamisho, yaani kuhama kutoka mwanzo hadi mwisho, ni jambo lingine. Watoto hulielewa jambo hili upesi sana, kuliko sisi watu wazima tuliokwisha kukariri fasili.

KWA NINI TUANZE SHULE YA MSINGI?

Mada ya vekta iliingia katika shule za sekondari za Afrika Mashariki pamoja na ile iliyoitwa hisabati ya kisasa katika miaka ya 1960. Katika muhtasari wa hisabati wa Tanzania wa mwaka 2005 iliwekwa Kidato cha Nne. Mwalimu wa shule ya msingi aweza kuuliza: basi yanihusu nini? Yanamhusu kwa sababu mbili.

Kwanza, vipande vyote vinavyounda vekta huanzia mikononi mwake. Pande za dunia, ramani, kupima urefu, pembe, kanuni ya Pythagoras, kusukuma na kuvuta katika sayansi: haya yote ni mambo ya shule ya msingi. Yakifundishwa kila moja katika chumba chake, bila mlango kati yao, mwanafunzi atafika sekondari akiwa na matofali lakini hana nyumba.

Pili, ni suala la lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili atakutana na neno la vekta sekondari kwa Kiingereza. Ikiwa wazo lenyewe tayari analo kwa lugha anayoifikiria, litakalobaki ni kulivika vazi jipya. Ikiwa hana, atalazimika kujifunza wazo na lugha kwa pamoja, na aghalabu hukimbilia kukariri vyote viwili.

MLIMA SI KASKAZINI

Kabla ya somo lolote la uelekeo, mwalimu hana budi kuhakikisha kwamba watoto wanazijua pande za dunia mahali walipo, si ubaoni tu. Katika ubao, kaskazini ni juu. Huko nje, kaskazini si juu.

Sisi tunaoishi kuuzunguka Mlima Meru tuna mtego wetu maalumu. Mtu aliye katikati ya mji wa Arusha auonapo mlima huutazama upande wa kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Kwa hiyo wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mlima ndiyo kaskazini. Lakini mwanafunzi wa Usa River huuona mlima huohuo upande wa kaskazini-magharibi. Wa Ngaramtoni huuona mashariki, ukiegemea kaskazini. Wa Oldonyo Sambu huuona kusini-mashariki, na wa Ngare Nanyuki huuona kusini-magharibi. Watoto hawa wote wakinyosha vidole kuelekea mlimani, vidole vyao vitakutana kileleni. Wakinyosha vidole kuelekea kaskazini, vidole vyao havitakutana kamwe, vitakuwa sambamba.

Hapa pana kiini cha jambo. Vekta mbili ni sawa zinapokuwa na ukubwa mmoja na uelekeo mmoja, hata kama zimeanzia mahali tofauti. "Kilometa 1 kaskazini" kutoka Usa River na "kilometa 1 kaskazini" kutoka Ngaramtoni ni vekta ileile. "Kilometa 1 kuelekea mlimani" si vekta moja, kwa kuwa hubadilika kila unapohama.

Zoezi lake ni jepesi. Wasimamishe wanafunzi wakiwa wametawanyika uwanjani, na mwenzao mmoja akiwa katikati. Waambie: "Nyosheni mkono kumwelekea mwenzenu." Watazame jinsi mikono inavyokabiliana. Kisha: "Nyosheni mkono kuelekea kaskazini." Waulize wenyewe tofauti waliyoiona. Usiwaambie; subiri.

KUTAFUTA KASKAZINI KWA KIVULI

Mwalimu asiyekuwa na dira asivunjike moyo. Fimbo iliyonyooka, yenye urefu wa mita 1, yatosha.

Isimamishe fimbo wima mahali palipo sawa, tuseme saa 5 asubuhi. Weka kijiti kwenye ncha ya kivuli chake. Kwa kamba, chora ardhini duara ambalo kitovu chake ni fimbo, nalo lipite kwenye kijiti hicho. Kivuli kitafupika, kisha kitaanza kurefuka tena. Kitakapoligusa duara kwa mara ya pili, weka kijiti kingine. Mstari uunganishao vijiti viwili huelekea mashariki na magharibi. Kijiti cha asubuhi ndicho cha magharibi, kwa kuwa jua lilikuwa mashariki. Mstari unaoukata huo kwa pembe mraba huelekea kaskazini na kusini.

Mwalimu atakayesubiri kivuli kwa saa aangalie jambo moja. Katika eneo la Arusha jua hufika kimo chake cha juu kabisa saa 6 na nusu mchana hivi, wala si saa 6 kamili, kwa sababu saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, nayo Arusha iko karibu na nyuzi 36.7. Kwa hiyo kivuli cha saa 5 asubuhi hupata mwenzake kati ya saa 7 na nusu na saa 8 na nusu, kulingana na majira ya mwaka. Vilevile asishangae kwamba kivuli cha mchana mwezi Juni huelekea kusini, na mwezi Desemba huelekea kaskazini. Sisi tuko karibu na Ikweta, na jua hutupita juu ya vichwa mara mbili kwa mwaka.

Mstari huo ukishapatikana, upigwe chokaa au upangiwe mawe, ubaki hapo uwanjani muhula mzima.

HATUA ZA SOMO

Hatua zifuatazo zaweza kuchukua vipindi vinne au vitano. Vifaa vinavyohitajika ni kamba ya katani, vijiti, kadi zilizokatwa katika makasha, chaki na daftari zenye miraba.

Hatua ya kwanza: Namba peke yake haitoshi. Chomeka kijiti kimoja uwanjani. Wape wanafunzi kumi kadi zilizoandikwa "Hatua 5" tu. Kila mmoja aanzie kijitini, atembee kama kadi isemavyo, asimame. Watatawanyika pande zote. Mwalimu akiwataka wenzao waeleze umbo lililotokea, watasema ni kama duara, na ni kweli: mahali pote palipo hatua 5 kutoka kijitini ni duara. Sasa wape kadi zilizoandikwa "Hatua 5 kaskazini". Wote watakwenda upande mmoja, lakini hawatasimama mahali pamoja, na mabishano yataanza: "Wewe hatua zako ndefu!" Mwalimu ayafurahie mabishano hayo. Ndiyo yatakayowafanya watoto wenyewe wadai kizio kimoja. Hapo ndipo unapotoa kamba iliyofungwa mafundo kila baada ya mita 1.

Hatua ya pili: Mwongozi na msafiri. Wanafunzi wawe wawili wawili. Msafiri afumbe macho. Mwongozi amwelekeze kwa maneno mpaka mahali palipowekwa alama, lakini kila agizo liwe na mambo mawili: kiasi na uelekeo. Mwongozi akisema "nenda mbele kidogo", wenzake wamsahihishe. Maneno "juu" na "chini", ambayo sisi watu wa miteremkoni huyatumia sana tunapoelekezana njia, yasikatazwe, yajadiliwe. Wanafunzi waulizwe kama mtu wa upande wa pili wa mlima akiambiwa "shuka chini" ataelekea upande uleule.

Hatua ya tatu: Kujumlisha safari. Hapa ndipo penye moyo wa somo. Kutoka kijitini, mwanafunzi mmoja apime mita 4 mashariki, kisha mita 3 kaskazini. Achomeke kijiti. Kabla ya kupima, kila mwanafunzi aandike katika daftari anachokisia: kijiti cha mwisho kiko mita ngapi kutoka cha kwanza? Wengi wataandika 7. Wengine 6. Wachache watasita. Sasa wavute kamba kutoka kijiti hadi kijiti, wahesabu mafundo: mita 5.

Mwalimu asiharakishe kutaja Pythagoras. Kwanza awape kazi nyingine: mita 3 kaskazini kwanza, kisha mita 4 mashariki. Watafika kijiti kilekile. Njia mbili zimefanya mstatili, na uhamisho ni ulalo wake. Kwa hiyo mpangilio wa safari haubadilishi mwisho wake. Kisha mita 4 mashariki na mita 3 mashariki: jibu ni 7. Kisha mita 4 mashariki na mita 3 magharibi: jibu ni 1. Kisha mita 4 mashariki na mita 4 magharibi: wamerudi nyumbani.

Baada ya hayo uliza swali hili, nawe unyamaze: "Nina safari mbili, moja ya mita 4 na moja ya mita 3. Naweza kufika mbali kiasi gani, na karibu kiasi gani?" Kikundi kilichopewa kamba na muda kitagundua chenyewe kwamba jibu laweza kuwa kipimo chochote kuanzia 1 hadi 7, kutegemea pembe iliyo kati ya safari hizo mbili. Mtoto aliyegundua hilo hataamini tena kwamba tatu na nne ni saba kila mahali na kila wakati.

Waashi wetu hulijua jambo hili. Fundi anapopima msingi wa nyumba huweka alama ya 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, akakagua kwamba ulalo ni 5, ndipo ajue kuwa kona yake imekaa mraba. Mwalimu aweza kumwalika fundi wa kijijini aje awaonyeshe watoto. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea aliyoitoa Machi 1967, alilalamikia shule zinazowafanya watoto wadhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Kamba ya mwashi ni jibu mojawapo la lalamiko hilo.

Hatua ya nne: Kuandika mshale. Sasa, na si kabla, turudi darasani. Kila safari ya uwanjani ichorwe katika daftari ya miraba, mraba mmoja ukiwa mita 1. Urefu wa mshale huonyesha kiasi, na ncha yake huonyesha uelekeo. Mshale wa pili huanzia pale wa kwanza ulipoishia. Mshale wa jumla hutoka mkia wa kwanza hadi ncha ya mwisho. Wanafunzi waandike pia kwa namba mbili: 4 mashariki, 3 kaskazini. Walio wepesi wajumlishe safari mbili za namna hiyo: (2 mashariki, 5 kaskazini) na (3 mashariki, 1 kaskazini) hutoa (5 mashariki, 6 kaskazini). Mashariki hujumlishwa na mashariki, kaskazini na kaskazini. Hii ndiyo hesabu ya vekta, nayo imefika bila vishindo.

SOMO LA NDOO

Vekta si safari tu. Nguvu ya kuvuta au kusukuma, iitwayo kani katika sayansi, nayo ni vekta, na kila mtoto anayeteka maji ameshakutana nayo.

Waite wanafunzi wawili wabebe pamoja ndoo ya maji ya lita 10. Kwanza wasimame karibu sana, mikono yao ikielekea juu. Kila mmoja amebeba kiasi cha nusu ya mzigo. Kisha wasogee mbalimbali polepole, huku wakiiinua ndoo isishuke. Waulize wanahisi nini. Watasema, "Inazidi kuwa nzito!" Maji hayajaongezeka. Kilichobadilika ni uelekeo wa mikono. Pembe kati ya mikono yao ikifika nyuzi 120, kila mmoja huvuta kwa nguvu sawa na ile ya mtu anayebeba ndoo nzima peke yake, na wakizidi kuachana itawashinda kabisa. Sehemu ya nguvu ya kila mmoja sasa hupotea kwa kuvutana wao kwa wao.

Mwalimu awe mwangalifu. Ndoo isijazwe hadi mdomoni, sakafu isiwe yenye utelezi, na wabebaji wawe wa kimo kimoja.

MAKOSA YANAYOTOKEA MARA KWA MARA

Kosa la kwanza ni kujumlisha urefu na kusahau uelekeo, kama ilivyokuwa katika swali la kisima. Dawa yake si kumkemea mtoto. Ni kumrudisha kwenye kamba. Tena mwalimu achunge maneno ya maswali yake. "Ametembea umbali gani?" na "Yuko umbali gani kutoka alipoanzia?" ni maswali mawili, yenye majibu mawili, na yote yafaa kuulizwa pamoja.

Kosa la pili ni kuanzisha mishale yote mahali pamoja wakati wa kujumlisha safari, kisha kuunganisha ncha zake. Mwanafunzi akifanya hivyo, mwulize: "Msafiri alipofika dukani, aliruka akarudi nyumbani kwanza?" Atacheka, naye atasahihisha.

Kosa la tatu ni la walimu. Ni kuanza na fasili ubaoni: "Vekta ni kipimo chenye ukubwa na uelekeo." Watoto watainakili, wataikariri, watafaulu kuiandika katika jaribio. Katika chuo chetu tulipata kuwasomesha wanachuo fasili hiyo kwa imla, kisha tukawatoa nje na kuwaomba waende mita 5 kaskazini. Baadhi walikwenda kuelekea mlimani, baadhi kuelekea mbele ya majengo, na baadhi walisubiri kuona wenzao wanakwenda wapi. Fasili ilikuwa kamili katika daftari zao zote.

DARASA KUBWA

Najua, atasema mwalimu mwanafunzi, lakini darasa langu lina watoto 64. Ni kweli, na tusilifanye jambo hilo dogo. Wagawe katika vikundi 8 vya watoto 8. Katika kila kikundi, wawili washike kamba, wawili wachomeke vijiti, mmoja asome kadi, mmoja aandike, mmoja akague uelekeo kwa kulinganisha na mstari wa mawe, na mmoja awe msemaji. Kazi zibadilishwe kila safari, ili asiwepo mtoto anayeshika kijiti muhula mzima. Vikundi 4 wawe uwanjani na 4 wabaki wakichora chini ya mti, kisha wapokezane. Mvua za masika zikizuia kutoka nje, meza zisogezwe, mafundo yafungwe kila baada ya sentimeta 10, na sakafu ichorwe kwa chaki.

Kipindi cha namna hii kitakuwa na kelele. Mwalimu ajifunze kupambanua kelele ya mchezo na kelele ya mabishano juu ya jibu. Hii ya pili ni sauti ya kazi.

KUPIMA MAENDELEO

Mwisho wa mfululizo huu, jaribio lisiulize fasili. Maswali ya namna hii yafaa zaidi:

1. Toka lango la shule, nenda mita 8 mashariki na mita 6 kaskazini. Umetembea mita ngapi? Uko mita ngapi kutoka langoni?

2. Andika safari moja itakayokurudisha langoni kutoka hapo ulipo.

3. Safari mbili za mita 5 kila moja zimekufikisha mita 10 kutoka ulipoanzia. Zilikuwa na uelekeo gani? Je, zingewezaje kukufikisha mita 0?

4. Eleza kwa nini "nenda kilometa 1 kuelekea Mlima Meru" si agizo moja kwa mtu wa Usa River na mtu wa Ngaramtoni.

HITIMISHO

Juma lililofuata tulimwomba mwalimu mwanafunzi yule alirudie swali lake, safari hii uwanjani, mita 4 zikisimama mahali pa mita 400, na mita 3 mahali pa 300. Naye alikubali kwa moyo mweupe. Alianza kwa kuliambia darasa kwamba mwenzao mmoja alisema jambo la kweli na hakusikilizwa. Kisha akampa msichana yule ncha ya kamba.

Tangu siku ile tumeongeza swali moja katika fomu tunayokwenda nayo kukagua masomo: "Ni mwanafunzi gani aliyesema jambo ambalo halikuwamo katika andalio la somo, na mwalimu alilifanyia nini?" Swali hilo limetufundisha sisi wakufunzi kuliko wanavyodhani tunaowakagua. Kumshirikisha mtoto si kumfanya ajibu kwa sauti moja na wenzake. Ni kukubali kwamba njia yake ya migombani huenda ikawa ndiyo hisabati yenyewe.

Ni matumaini yetu kwamba kila mwalimu mwanafunzi atakayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha atachukua, pamoja na chaki na andalio lake, kamba moja yenye mafundo.